Misikiti ya Mawe ya Ng'ambo ya Mvita

Taarikhi ya Mombasa, kama ilivyozoeleka kusimuliwa, ni taarikhi ya kisiwa: huanzia Mji wa Kale, hupita chini ya kuta za Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huingia katika Msikiti wa Mandhry ambao mapokezi yanauweka mwaka 1570, kisha huvuka maji shingo upande, pale tu inapohitaji shamba la kuletea nafaka, njia ya kupitishia pembe za ndovu, au adui wa kutokea nje. Watu wa Likoni, wa Kisauni na wa Changamwe wameisikia taarikhi hii kwa muda mrefu hata wengi wao hawaioni kasoro, na ukiwauliza habari za nyumba ya ibada iliyo kongwe upande wao wa maji, aghalabu watakuelekeza kwenye kanisa la Frere Town, Kisauni, na kengele yake ya Kongowea. Kanisa hilo lina heshima yake, kwa kuwa Frere Town iliasisiwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa majahazini, na James Juma Mbotela, aliyetoka katika jamii hiyo, aliandika habari zao katika kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*. Hata hivyo, kwa hesabu ya mambo ya kale, hayo ni ya jana. Anayetaka nyumba ya sala ya zama za kati, iliyojitenga na makelele ya mji, ya rika moja na makanisa ya mawe ya mashambani Ulaya ambayo wasafiri huyaendea kwa hamu, hana haja ya kupanda ndege: akiwa Kisauni na aelekee kaskazini, avuke hori la Mtwapa, ayafikie magofu ya Jumba la Mtwana, na akiwa Likoni na aelekee kusini hadi mahali mto Mwachema unapoingia baharini, baina ya Tiwi na Diani, aukute Msikiti wa Kongo.

Njia ya Jumba kwa mtu wa Kisauni ni ile ile ya kila siku ya kwenda Malindi. Hupita Kongowea na soko lake, hupita Bamburi, ambapo tangu mwaka 1954 kiwanda cha saruji kimekuwa kikisaga mwamba wa matumbawe yaliyokufa dahari nyingi zilizopita, hupita Shanzu, kisha daraja la Mtwapa. Wazee bado hulikumbuka pantoni la zamani la hapo, lililovutwa kwa minyororo na wanaume waliokuwa wakiimba, hata ikawa wageni wanalipanda kwa ajili ya nyimbo zaidi ya kwa ajili ya safari. Baada ya daraja njia inachepuka mkono wa kulia kuelekea pwani, na kwa mwendo mfupi tu kelele za matatu zinakatika, ikabaki sauti ya mawimbi na ya ndege katika mibuyu.

Jumba la Mtwana si jina walilolipa mji wao wale walioujenga. Ni jina la watu waliokuja baadaye wakayakuta magofu yamemezwa na msitu. Mji wenyewe hautajwi katika kitabu chochote cha kale, si cha Mwarabu wala cha Mreno, na Mreno hana lawama katika hilo, maana alipofika pwani hii mwaka 1498 mji ulikuwa umekwisha kuhamwa. Tunayoyajua tunayajua kwa jembe na kwa subira. Mwaka 1972 James Kirkman, ambaye alikuwa ameichimba Gedi tangu mwaka 1948 na kuiangalia Ngome ya Yesu kwa miaka mingi, aliufyeka mji huu na kuuchimba, na kwa kufuata vigae vya vyombo vilivyotoka China na nchi za Kiislamu akaukadiria umri wake: ulijengwa katikati ya karne ya 14, na ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Katika muda huo mfupi, ambao hauzidi maisha ya babu, mwana na mjukuu, watu wa mji mdogo kama huu walijenga misikiti minne ya mawe. Walipokuwa wanaondoka, Ngome ya Yesu ilikuwa bado haijawekwa jiwe la kwanza, wala haingewekwa kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Mmoja katika ile minne uko ukingoni kabisa mwa bahari, na huo ndio unaomsimamisha kila afikaye. Paa halipo tena. Kuta zipo, na mihirabu ipo, imechongwa kwa tumbawe laini ambalo fundi hulitoa baharini likiwa bichi, akalikata angali linakatika kwa urahisi, kwa kuwa likikauka huwa gumu na kukataa patasi. Kibla ya Mombasa ni jambo la kumpendeza mwenye kupenda ramani, maana Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, bila kuelekea sana mashariki wala magharibi. Kwa hiyo imamu aliyesimama katika mihirabu hii alikuwa na bahari mkono wake wa kulia, na jua la asubuhi lilipochomoza juu ya maji lilimwangaza shavu moja tu. Kando ya msikiti kuna kisima na birika la kutawadhia, na misikiti ya namna hii katika pwani yetu ilikuwa na desturi ya kuweka karibu na maji vipande vya tumbawe gumu, ili mwenye kuingia asugue nyayo zake kabla ya kukanyaga mahali pa sala.

Hapa ndipo kitabu, ambacho hakikuutaja mji, kinapotusaidia bila kukusudia. Mwaka 1331, miaka michache tu kabla ya Jumba kujengwa, Ibn Battuta, msafiri wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alilala usiku mmoja Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa, na katika mambo machache aliyoyaandika juu ya Mombasa, nusu nzima ni habari za misikiti na miguu. Alisema kwamba watu ni wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu na wema. Kwamba misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ufundi mkubwa. Kwamba katika kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Na kwamba kwa kuwa watu wote hutembea pekupeku, mwenye kutaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwa kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Mtu akiyasoma hayo, halafu akasimama mbele ya birika la Jumba, humwona kwa dhahiri yule mchota maji amejiinamia, chombo kikiwa baina ya mapaja yake, akijimiminia mikononi kama alivyoelezwa. Sijui kama kuna mahali pengine katika pwani ya Kenya ambapo maandishi na mawe yanashikana mikono kwa ukaribu kama hapa, ingawa maandishi ni ya kisiwani na mawe ni ya ng'ambo.

Lakini Ibn Battuta alisema mbao, na Jumba ni mawe. Baadhi ya watu walipata kudhani kwamba msafiri alikosea, au kwamba misikiti ya mbao ni dalili ya umaskini, au ya dini iliyokuwa bado changa. Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulilimaliza jambo hilo kwa namna ya kutosheleza: chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe ilionekana misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo, na ile ya kwanza katika hiyo ilikuwa ya karne ya nane. Msikiti wa mti, basi, haukuwa jambo la mpito la watu wasiojiweza. Watu walisali katika nyumba za miti kwa vizazi vingi, na jiwe lilikuja pale mali ilipozidi na mafundi walipokuwapo. Katika karne ya 14 mali ilizidi. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, ambako Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta, alijenga kasri ya Husuni Kubwa. Na kutoka miji midogo kama Jumba ziliondoka pembe, ambari na boriti za mikoko zilizohitajiwa sana na miji ya Ghuba isiyo na miti, na majahazi yaliyokuja na kaskazi yakarudi na kusi yakaacha nyuma vyombo vya kijani vya China, ambavyo leo vigae vyake ndivyo saa ya mchimbaji.

Na ufundi wenyewe ulikuwa wa hapa hapa. Jiwe la ukuta lilikatwa katika mwamba wa pwani, jiwe la mihirabu likatolewa baharini maji yakiwa yamekupwa, na chokaa ikapatikana kwa kurundika magogo mengi, kupanga matumbawe juu yake na kuyachoma hata yakawa majivu meupe, ambayo yalimwagiwa maji na kuachwa miezi kadhaa yapoe ukali wake. Boriti ya mkoko, ambayo haivuki mita tatu hivi bila kupinda, ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vyote vya mawe katika pwani yetu: nyumba za kale ni ndefu na nyembamba kwa sababu ya mti wa mkoko, na msikiti uliotaka kuwa mpana ulilazimika kuwekewa safu za nguzo, hata mara nyingine nguzo ikasimama baina ya mwenye kusali na mihirabu yake. Msanifu wa leo angeiona hiyo kuwa kasoro. Mimi huipenda, kwa kuwa inaonyesha kwamba aliyejenga alikuwa na vipimo vya msitu wake kichwani, na hakunakili ramani iliyoletwa na jahazi.

Magofu ya msikiti wa baharini yana mambo mawili zaidi yasiyofaa kupitwa. La kwanza ni chumba kilichotengwa, ambacho waliouchimba mji wanakihesabu kuwa cha wanawake. Kwa mtu anayeijua misikiti ya kale ya pwani, ambayo mingi haikuwa na nafasi hiyo, na anayezijua pia hoja ambazo hata sasa husikika mitaani kila msikiti unapotaka kuongeza sehemu ya akina mama, chumba kile cha miaka zaidi ya mia sita ni hoja tosha. La pili ni kaburi lililo upande wa kibla, lenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kutoka Surat Aal Imran, ile aya ya kukumbusha kwamba hakuna nafsi isiyoonja mauti, na kwamba ujira kamili ni wa Siku ya Kiyama. Kaburi halimtaji Sultani wala mfanyabiashara yeyote kwa namna ya kutufaa sisi katika taarikhi. Mji uliokosa jina vitabuni, uliacha aya.

Kwa nini waliondoka? Waliouchunguza mji wametaja mambo matatu: biashara kukatika, visima kukauka au kuingia chumvi, na uvamizi kutoka nje. Mimi, kama ningelazimishwa kuchagua, ningekwenda na maji, kwa sababu mji wa misikiti minne ni mji wa kutawadha mara nyingi kwa siku, na kisima cha pwani kikishachanganyika na maji ya bahari hakirudi kuwa kitamu kwa dua wala kwa jembe. Na kwa sababu Mtwapa, mji mkubwa zaidi ulio jirani kabisa ukingoni mwa hori, uliendelea kuishi karne kadhaa baada ya Jumba kufa, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa vita au kwa biashara peke yake.

Jambo la kuhamwa kwa mji na kubaki kwa nyumba ya Mungu si la kwetu tu. Katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza kipo kijiji cha Wharram Percy, ambacho watu wake walipungua kwa tauni ya karne ya 14 na baadaye wakaondolewa na mabwana waliotaka malisho ya kondoo badala ya wakulima; nyumba zao za udongo na miti zimekuwa matuta ya majani tu, walakini kanisa la Mtakatifu Martin limebaki katika bonde tupu, halina paa, na wachimbaji walilirudia kila kiangazi tangu mwaka 1950 hadi mwaka 1990. Anayesafiri kwenda kulitazama kanisa lile, na anayeteremka Jumba akitoka Kisauni, wanatazama kitu kimoja: jamaa ya watu wengi waliolala katika vibanda ili sala ikae katika jiwe. Maana tusidanganywe na magofu tukadhani mji wote wa Jumba ulikuwa wa mawe. Walio wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, na za hao hakuna iliyobaki kusimama.

Swali la nani hasa waliokuwa watu hawa limewagombanisha watu wa pwani kwa muda mrefu, wengine wakitaka wawe Washirazi watupu na wengine wakikana kwamba kuna tone la damu lililotoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Mtwapa ukiwa mmojawapo, na jibu lake halikumpa ushindi kamili mgomvi yeyote: wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia, iliyotoka zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000. Mapokezi ya Kishirazi, yaliyokuwa yakichekwa katika vyuo kwa miaka kadhaa, yamepata kumbe ukweli wake. Na bibi wa Kiafrika, aliyekuwa akisahauliwa katika mapokezi hayo hayo, amepata haki yake. Hata Changamwe, ambayo siku hizi hutajwa kwa reli, kiwanja cha ndege na matangi ya mafuta, imebeba jina la mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana, na hao ni wenyeji wa Mombasa tangu kale.

Sasa tuvuke feri ya Likoni twende kusini. Msikiti wa Kongo hauna tiketi wala kibao cha kumweleza mgeni asimame wapi. Una mibuyu mikubwa mno, una mto unaotiririka polepole na kukutana na bahari hatua chache kutoka hapo, na una watu wanaosali. Ulikuwa sehemu ya mji wa kale wa Diani, na katika mji huo huu ndio jengo lililobaki zima. Ukiingia unainama kidogo, na kwanza unahisi baridi, kwa kuwa kuta ni nene mno na madirisha ni haba. Kisha macho yakizoea giza yanapanda juu, na hapo ndipo ajabu ya msikiti huu ilipo, maana dari yake haikutegemea boriti kama misikiti mingine, bali imepindwa kwa mawe matupu na chokaa, mfano wa tumbo la jahazi lililopinduliwa. Fundi aliyefanya hivyo alikuwa amekwisha kuutoroka utawala wa mti wa mkoko. Boriti huliwa na mchwa, huoza, na paa huporomoka na kuta zikafuata. Kuba ya mawe haina cha kuliwa. Nadhani nusu ya sababu ya kuwapo msikiti huu hadi leo ni uamuzi wa fundi yule.

Nusu ya pili ni Wadigo. Mji wa Diani ulikufa kama Jumba ilivyokufa, lakini nchi iliyouzunguka haikuachwa tupu: walikuwapo Wadigo katika kaya zao, kaya ambazo misitu yake mitakatifu ingali imesimama katika pwani hii ya kusini, na mojawapo, Kaya Kinondo, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Waliposilimu, Wadigo walikuta nyumba ya sala iliyo tayari, wakaitumia. Mzee mmoja, baada ya kuitikia "Marahaba, mwanangu" na kuniuliza nimetoka upande upi wa Likoni, alinieleza kwa lugha nyepesi kwamba msikiti usiosaliwa huwa makao ya popo, na kwamba wao popo hawawataki. Watu wa kaya na watu wa msikiti, ambao vitabu vingi huwatenga kana kwamba walikuwa mataifa mawili yenye migongo iliyogeukiana, hapa Diani mara nyingi ni familia moja.

Ni katika jambo la kuutunza ndipo ugomvi huingia. Mwenye kusali anataka paa lisivuje, sakafu isimchubue goti, na maji yapatikane karibu. Mtaalamu wa makumbusho anataka jiwe lisiguswe ila kwa idhini. Jumba imetunzwa kwa njia ya mtaalamu, ikazungushiwa ua na kuandikiwa vibao, na hakuna anayesali humo ila mpita njia. Kongo imetunzwa kwa njia ya mwenye kusali. Katika ugomvi huu mimi ni wa upande wa wenye kusali karibu kwa kila kitu, ila kimoja, nacho ni saruji. Fundi wa siku hizi akiona ufa katika ukuta wa kale huuziba kwa mfuko wa saruji, kwa kuwa ni rahisi na unapatikana kila duka la vifaa. Lakini saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo chumvi na maji yanayopanda kutoka ardhini hufungiwa ndani ya ukuta, na baada ya miaka jiwe la ndani hugeuka unga huku kiraka cha nje kikiwa kizima. Chokaa, ambayo ni laini na hupumua, ndiyo dawa ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Mafundi wa Lamu bado wanajua kuichoma na kuikandika, na gharama ya kumleta fundi mmoja kutoka Lamu hadi Diani kwa msimu mmoja, akafundisha vijana wa hapo, ingeweza kuchangwa na jamaa wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa chache.